Mswala wa mfukoni wa 18,000: kitambaa kizuri, dira ya bure, na maneno ya muuzaji

Mswala wenyewe ni wa nailoni ya kijani, mihrabu imechapwa katikati, na ukiukunja unaingia kwenye kipochi kisichozidi daftari la skuli. Nimeununua Chake Chake, Pemba, mwezi wa Julai. Muuzaji alianza na shilingi 22,000, nikamteremsha mpaka 18,000, na ndani ya bei hiyo mna dira ndogo iliyoshonewa kwenye kipochi pamoja na kijitabu cha namba za miji za kutafutia kibla. Sikujinunulia mie. Ni wa mtoto wa mdogo wangu, miaka 14, aliyemfuata mama yake Columbus, Ohio, Marekani, na akaingizwa skuli ya serikali huko. Huu ni mwezi wa nane tangu aupate, kwa hivyo ninayoyaeleza si ya siku ya kwanza dukani.

Kabla ya huu tulimpa mswala wa ukili, kazi ya mikono ya hapa hapa Wete, rangi ya zambarau na manjano. Ukili haukunjiki, ukiulazimisha unakatika. Alisafiri nao umeviringishwa kama bomba, na mama yake alipouona akautundika ukutani sebuleni. Wageni wanadhani ni pambo. Ndipo nikaambiwa, dada, tafuta kitu cha kuingia mkobani.

Sasa muuzaji. Aliponiuliza wa nani nikamwambia, na hapo akapata maneno. "Mwalimu, huu ndio wenyewe. Kule kusali skuli marufuku, sheria kabisa. Huu hauonekani, mtoto anauficha kifuani." Akanionyesha na video kwenye simu, mtu mmoja anapiga kelele kwa Kiingereza kwamba Mungu amefukuzwa skuli za Marekani tangu miaka ya sitini. Mie mtu mzima, mwalimu mstaafu, nikaondoka na mswala na hofu juu yake. Usiku ule nikamtumia mwanetu ujumbe wa sauti: sali, lakini jifiche.

Mpaka Oktoba mswala ulikaa mkobani bila kazi, na hili linataka maelezo kwa sie tuliozoea adhuhuri isiyohama. Hapa kwetu mwaka mzima adhuhuri inachezea saa sita na kitu. Kule saa zenyewe husogezwa mbele mwezi wa Machi na kurudishwa Novemba, na juu ya hilo jua la majira ya baridi ni la mkato. Agosti adhuhuri yao inaingia saa saba na nusu na alasiri inangoja mpaka saa kumi na moja, kwa hivyo mtoto anafika nyumbani na kusali kwa raha zake. Novemba saa zikirudi nyuma, adhuhuri inaingia saa sita na robo hivi, na Disemba alasiri inapiga hodi kiasi cha saa tisa. Skuli ikitoka saa tisa kasorobo na basi likichelewa, adhuhuri imekwenda. Chakula cha mchana wanakula saa tano na dakika arobaini, haijaingia bado. Anayemnunulia mtu wa kule ajue kwamba mswala wa mkobani una kazi hasa kuanzia Novemba mpaka mwanzo wa Machi.

Basi Novemba akaanza kusali chini ya ngazi, penye mafagio, kama alivyoshauriwa na mama mkubwa wake. Siku ya tatu mfanyakazi mmoja wa skuli akamkuta kwenye sijida. Akamngoja mpaka mtoto akatoa salamu ya kumaliza sala, akampeleka ofisini. Mtoto anasema miguu ilimwisha, alijua anafukuzwa na anarudi Wete kwa ndege ya kesho. Mama mmoja mshauri wa wanafunzi akamuuliza swali moja tu: kwa nini unasali kwenye vumbi? Akampeleka kwenye chumba kidogo karibu na maktaba, akawakuta humo watoto wawili wa Kisomali wanavua viatu. Columbus ina Wasomali wengi, na hao walikuwa wanasali pale tangu mwaka wa kabla. Yule mama akamwambia kwamba yeye haruhusiwi kumwambia asali, na haruhusiwi kumwambia asisali. Akampa na cheti cha kutoka darasani dakika chache. Wakati wote huo mwanetu alikuwa akijificha kwa amri yangu.

Niliposikia hayo nikaona haya, nikakaa kuitafuta hiyo marufuku yenyewe. Ipo, ila muuzaji ameishika mkia. New York bodi ya elimu ya jimbo ilitunga dua, kwa Kiingereza maneno 22, ya kukiri kwamba wanamtegemea Mungu na kumwomba awabariki watoto, wazazi, walimu na nchi. Haikumtaja Yesu. Mtoto asiyetaka aliruhusiwa kunyamaza au kutoka nje. Wazazi wa wanafunzi 10 wa Long Island wakaenda kushtaki, na tarehe 25 Juni 1962 Mahakama ya Juu ikaamua, majaji 6 kwa 1, kwamba kuwatungia watu dua si kazi ya serikali. Mwaka wa pili yake, 1963, ikaondoa na sheria ya Pennsylvania ya kusoma aya 10 za Biblia kila asubuhi. Hiyo ndiyo miaka ya sitini ya kwenye video.

Kiswahili chetu kingewaokolea Wamarekani maneno mengi hapa. Kusali ni jambo moja, kusalisha ni jingine. Skuli ya serikali haisalishi. Mtoto anasali, wakati wa mapumziko, wakati wa kula, peke yake au na wenziwe, ilimradi asivuruge somo. Mwaka 1984 bunge lao likapitisha sheria kwamba skuli ya sekondari inayoruhusu vikundi vingine vya wanafunzi visivyohusu masomo haina ruhusa ya kukikataa cha dini. Mwanetu na Wasomali wake wana kikundi, wanakutana baada ya masomo, watoto wenyewe ndio wanaokiongoza. Yupo mwalimu wa kukaa nao, na hata angekuwa Mwislamu angekaa pembeni tu. Ile ruhusa ya kutoka darasani nayo si hisani ya yule mama peke yake. Mwongozo wa Wizara ya Elimu yao wa mwaka 2003 umetoa mfano kabisa wa watoto wa Kiislamu kuruhusiwa kidogo watoke wakasali katika Ramadhani. Skuli inaruhusiwa kufanya hivyo, lakini usidhani kila skuli itafanya bila kuombwa. Mzazi aandike barua.

Nimeisoma ile hukumu ya 1962 jioni mbili, na sikukwama kwenye sheria. Nilikwama pale waliposema mtoto aliruhusiwa kunyamaza. Nimefundisha skuli za msingi hapa Pemba miaka 31. Kila asubuhi mstarini tulianza kwa dua, na Dini ni somo kama Hesabu, lina daftari lake na mtihani wake. Mwaka mmoja nilikuwa na mtoto wa askari aliyehamishiwa kwetu kutoka bara, Mkristo. Hakuna aliyemlazimisha. Tulimwambia asimame tu na wenzake, akawa anasimama mwisho wa mstari, karibu na mwembe, mikono nyuma. Alipofika darasa la tatu alikuwa anaisoma Alhamdu vizuri kuliko nusu ya darasa langu, nami nikawa nawaonyesha wageni kama ajabu ya skuli. Mama yake alikuja siku moja akasimama mlangoni, akaniuliza mtoto anaendeleaje, nikamwambia kwa furaha zote: hata Alhamdu anaijua. Akasema, "Ahsante, Mwalimu." Akaondoka. Nimemkumbuka yule mama mwaka huu kuliko miaka yote, hasa kila mwanetu anaponitumia picha ya kile chumba karibu na maktaba.

Wala sisemi kule wamemaliza. Mwaka 2022 mahakama ile ile ilimpa ushindi, 6 kwa 3, kocha wa futiboli ya Kimarekani wa skuli ya Bremerton, jimbo la Washington, aliyekuwa akipiga goti katikati ya uwanja baada ya mechi, kwamba ile ni dua yake mwenyewe. Majaji watatu walikataa, wakisema wachezaji wanaweza kujiona wamesukumwa kumfuata. Mie niko na hao watatu, nimesimama mbele ya watoto muda mrefu, najua mwalimu akiinamisha kichwa vinainama vingapi. Mwaka 2024 Louisiana nayo ikapitisha sheria ya kubandika Amri Kumi kila darasa, Texas ikafuata 2025, na watu wakakimbilia mahakamani, kwani sheria ya namna hiyo hiyo ya Kentucky ilikwishatenguliwa mwaka 1980. Na Muskogee, Oklahoma, mwaka 2003 msichana alisimamishwa skuli kwa sababu ya ushungi wake. Serikali kuu ikaingilia upande wake, na mwaka uliofuata wakapatana avae. Kwa hivyo hofu yangu haikuwa ya kichaa. Ilikuwa imeelekezwa sipo.

Na kuelekeza sipo ndiyo kazi hasa ya ile dira, turudi kwenye bidhaa.

Dira ni mbovu, na ubovu wake ni wa kushonwa. Kipochi kinafungwa kwa kifungo cha sumaku, na aliyekishona amekiweka vidole viwili kutoka kwenye dira. Sindano haijui kaskazini ya dunia, inajua kifungo tu. Ukikigeuza kipochi inageuka nacho kama mbwa na bwana wake. Mtoto alisali siku nne akielekea ukumbi wa kulia. Kijitabu nacho kina New York na Washington, Columbus hakina.

Wasomali walipomwelekeza kaskazini mashariki ndipo akanipigia simu, kachanganyikiwa. Amezaliwa Wete, kwake kibla na kaskazini ni kitu kimoja, na manahodha wetu tangu zamani wakisema kibla wanakusudia kaskazini, kwa sababu Makka iko juu yetu karibu wima kabisa. Na ramani ya ukutani darasani kwao inaonyesha Makka iko kusini zaidi ya Ohio. Sasa kaskazini imetoka wapi tena? Nikamwambia atafute chungwa na uzi. Tia alama ya Ohio, tia alama ya Makka, vuta uzi ukaze. Utaona uzi wenyewe unapanda juu kwanza, halafu ndipo unashuka. Akacheka peke yake kwenye simu. Baadaye akaniambia amelipeleka chungwa kwa mwalimu wake wa jiografia, na mwalimu akaliweka mezani akawaonyesha darasa zima, akaeleza na kwa nini Waislamu wa Ohio wanaelekea huko. Hilo nalo halikatazwi. Kufundisha habari za dini kama elimu, hukumu ile ya 1963 yenyewe ilisema hakuna ubaya.

Kitambaa sina la kusema. Kinapanguswa kwa kitambaa cha maji, theluji iliyoingia na viatu haikupenya, magoti hayaumii sana ingawa sakafu ya kule ni ngumu na baridi. Kimefuliwa mara tano kwa mashine, kijani kimebaki kijani. Uzi wa ukingo umeanza kufumuka upande wa kichwa tangu mwezi wa tano wa kuutumia, na zipu ya mfuko wa ndani ilikufa mapema zaidi. Harufu ya mpira ilichukua wiki mbili kutoka. Kwa mtu mrefu ni mfupi, mwanetu kwenye sijida vidole vya miguu viko nje, na bado anakua.

Mswala naupa nyota tatu. Kama kuna usio na dira kwa bei ndogo, uchukue huo, kibla atakionyeshwa na wenziwe. Na muuzaji akianza habari za marufuku, mwambie akupunguzie bei badala ya kukuongezea hofu.

Nilimrudia mwezi uliopita, nikamsimulia ya chini ya ngazi na ya chumba. Akasikiliza, akakuna kichwa, akasema, "Basi Mwalimu, kumbe na mie nimeuza mingi kwa maneno yale." Nikamuuliza atasema nini sasa kwa wanunuzi. Akasema atawaambia haipiti maji.

Mwanetu ameniagiza wa pili, wa mmoja wa wale Wasomali, wake umechanika. Nakwenda Jumamosi, na nimekwishaamua sitoi zaidi ya 15,000. Kifungo nitakikata mwenyewe kabla haujapanda boti.