Programu ya matokeo tuliyoweka shuleni: naipa nyota 3 kati ya 5, na moja kati ya hizo ni ya mkuu wa shule

Walimu wenzangu mnaniuliza sana inbox kuhusu ile programu ya matokeo tunayotumia, basi majibu haya hapa. Shule yetu ni sekondari ya kata, mimi ni mwalimu wa taaluma, jina la kampuni silitaji msije mkasema nimelipwa.

Kuchakata matokeo inaweza. Kila mwalimu anaingiza alama za somo lake kwa simu yake, yale mambo ya kukesha na Excel unatafuta nani hajaleta alama za Kiswahili kidato cha pili yamepungua sana. Ila mwanzoni ilituchekesha, yani ilikuwa inajumlisha masomo yote badala ya saba aliyofanya vizuri zaidi, mtoto ana C tisa (C moja ni pointi 3, na pointi chache ndiyo nzuri) ikampa pointi 27, divisheni 4, wakati kwa hesabu ya NECTA, baraza la mitihani, huyo ana pointi 21, ni divisheni 2 kabisa. Tukawapigia wakarekebisha. Kilichobaki ni aliyekosa mtihani, mpaka leo inampa F (amefeli) badala ya ABS (hakuwepo), nabadilisha mwenyewe mmoja mmoja.

SMS za wazazi sahau. Bei yao iko juu, na sekondari ya serikali inaendeshwa kwa ruzuku ya 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, tena hapo kuna fungu la vitabu. Najua kuna shule zinarusha PDF ya darasa zima kwenye grupu la WhatsApp la wazazi, kwangu hapana, mtoto aliyeshika mkia anajulikana mtaa mzima kabla hajafika kwao.

Sasa hii nyota ya mkuu. Mkuu tuliyekuwa naye wakati programu inawekwa hakuwa mtu wa kompyuta, paswedi yake ilikuwa kwenye kikaratasi chini ya kioo cha meza, anayeingia ofisini anaisoma. Alama za fizikia zikabadilika na mfumo ukasema aliyebadilisha ni mkuu!! Kikao kikawaka moto, walimu wakarudi kwenye karatasi zao. Huyu wa sasa alipofika alibadilisha paswedi, akakaa na mtu wa TEHAMA mpaka akajua kusoma ripoti mwenyewe, siku hizi anaona nani hajaingiza alama na anamfuata stafu kimya kimya, hasemi mbele ya watu, wala hangoji mimi nikasemee wenzangu. Programu ni ile ile, hata toleo halijabadilika.

Mkitaka kununua, ombeni demo kwanza, hailipiwi. Wapeni alama za darasa lenu halisi, mtoto wa masomo tisa awemo na aliyekosa mtihani awemo, na mkuu akae pale mwenyewe abonyeze, asimtume mwalimu wa kompyuta.