Inama Kwanza: Gari Dogo la Kununua Wakati Huu Bei Hazishikiki

"Gari hili limepakwa wanja, dada."

Fundi alisema hivyo akiwa ndani ya shimo la gereji, Tabata, mimi nimechuchumaa juu namulikia kwa tochi ya simu. Akachukua bisibisi bapa, akaigusisha kwenye chuma cha chini ya mlango wa dereva, akasukuma. Hakutumia nguvu. Bisibisi ikazama hadi kwenye mpini kama kisu kwenye papai, na yakamwagika usoni kwake magamba mekundu ya kutu. Juu ya kutu hiyo palikuwa pamepakwa rangi nyeusi nzito inayong'aa, ileile niliyoonyeshwa kwenye yadi ya magari nikaambiwa, "Ona chini kulivyo safi, mama, hili bado jipya."

Lilikuwa na wiki tatu tu mkononi mwangu. Yadi siitaji jina, na aina ya gari nayo naiacha, maana aliyelitengeneza hana kosa. Kosa ni la theluji, la chumvi, na la mimi niliyekwenda kununua gari nimevaa gauni la kutokea, nikaona haya kulala kwenye changarawe za watu.

Mambo ya ulaji wa mafuta, rangi, siti za ngozi na redio inayoongea Kijapani mtayapata kwa wengine. Kila muuzaji anayajua kwa moyo. Mimi leo nina neno moja, kutu, na orodha yangu yote imepangwa kwa neno hilo.

Kwanza muelewe inatoka wapi. Magari yetu mengi yanatoka Japani, na Japani si sehemu moja. Kaskazini, kisiwa cha Hokkaido na mikoa kama Aomori, Akita na Niigata, theluji huanguka kwa miezi, na barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi ile hurushwa na matairi ikaingia kwenye kila kona ya chini ya gari: kwenye mikunjo ya bodi, mabomba ya breki, viungo vya ekzosi, nati za shokapu. Halafu gari linapanda meli, linateremka Dar es Salaam, na joto na unyevu wa pwani vinaendeleza kazi pale Hokkaido ilipoishia. Juu linang'aa kama bibi harusi. Chini linaliwa.

Dalili ambayo watu wetu wanaishangilia badala ya kuikimbia ni ile nembo ya 4WD, yaani injini inasukuma matairi yote manne, kwenye gari dogo. Passo 4WD! Vitz 4WD! Dalali atakwambia ni bahati, litakupandisha Lushoto wakati wa mvua. Jiulize: Mjapani wa mjini anayekwenda sokoni na kurudi anunue 4WD kwenye gari dogo hivyo kwa ajili gani? Mara nyingi ni kwa sababu anaishi kwenye theluji. Mimi gari dogo la 4WD silinunui mpaka nimelala chini yake dakika kumi.

Dawa ya pili ni karatasi ya mnada. Gari linalopita kwenye minada ya Japani huwa na karatasi yenye mchoro wa gari uliotapakaa herufi. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipopigwa puti na kunyooshwa. Watu wetu wakishaona daraja la gari ni 4, yaani alama nzuri, wanafunga macho. Ninyi tafuteni herufi S, ambayo ni kutu, na C, ambayo ni chuma kilichokwisha kuliwa. Soma pia maelezo yaliyoandikwa kwa mkono, au umpe anayejua akusomee. Neno la Kijapani la kutu ni "sabi", na likitajwa pamoja na sehemu ya chini ya gari, rudisha hela mfukoni. Niliomba karatasi ile yadi. Nikaambiwa ipo kwa bosi. Baadaye bosi akawa amesafiri.

Siku ya kwenda kukagua, vaa suruali, beba bisibisi, tochi na kanga kuukuu ya kutandika. Ukikuta gari la miaka kumi chini ni jeusi tititi kuliko tairi, usifurahi, uliza limepakwa lini na nani. Gari lililotumika vizuri chini huwa na vumbi na uchafu wa kawaida. Gusa mabomba ya breki kwa kidole. Tazama nati za nyuma: zikiwa zimevimba na kupoteza pembe zake, fundi wako siku moja atazikata kwa moto badala ya kuzifungua, na utalipia.

Sasa bei, maana ndiyo inayotusukuma kwenye magari ya namna hii. Kwetu gari jipya ni lile ambalo halijakanyaga lami ya Tanzania, lenye namba E, yaani za usajili mpya, na nailoni bado kwenye siti. Jipya lenyewe, la kilomita sifuri kutoka kwa wakala, tuwaachie mashirika na miradi. Na hata hili jipya letu la mtumba linatukimbia. Mwaka 2019 kaka yangu alichukua Toyota IST yadi kwa milioni 10 na chenji. Juzi nimeulizia ya umri uleule, naambiwa 15 na nusu, na muuzaji anaongea kama ananisaidia.

Sababu zipo. Mwaka 2021 na 2022 chipu ziliadimika duniani, viwanda vikachelewesha magari mapya, na Mjapani akaendelea kulishikilia la zamani. Agosti 2023 Japani ikakataza kupeleka Urusi magari yaliyotumika yenye injini ya zaidi ya cc 1,900, pamoja na ya haibridi na ya umeme. Mrusi akahamia kwenye vigari vidogo, vilevile tunavyogombania sisi. Na dola nayo: mwanzoni mwa 2023 ilikuwa kwenye shilingi 2,330, kufikia Oktoba 2024 ikawa 2,700 na ushee. Gari la dola 3,000 halijaongezwa hata nati moja, lakini kwa shilingi limepanda zaidi ya milioni moja kabla hujalipa kodi.

Kodi ndiyo ya kukaa nayo chini na kikokotoo. Kwa viwango vilivyokuwepo niliponunua, mwaka 2024, ushuru wa forodha ulikuwa asilimia 25. Ushuru wa bidhaa unakwenda kwa ukubwa wa injini: sifuri mpaka cc 1,000, asilimia 5 mpaka cc 2,000, asilimia 10 juu ya hapo. Kisha ushuru wa uchakavu: asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, asilimia 30 likizidi 10. Juu ya mlundikano huo wote inakaa VAT ya asilimia 18, na tozo ndogondogo.

Chukua IST ya cc 1,500 yenye miaka zaidi ya 10, imefika bandarini kwa dola 3,000 pamoja na meli na bima. Kodi yake inakaribia dola 3,000 nyingine. Jumla 6,000. Sasa chukua Vitz ya cc 996 ambayo haijafika miaka 8, imefika kwa dola 4,000. Haina uchakavu, haina ushuru wa injini, kodi yake ni kama dola 2,000. Jumla 6,000. Hela ileile! Moja imekula chumvi na jua zaidi ya miaka kumi, nyingine bado binti. (TRA, watu wa mapato, wana thamani zao kwenye mfumo na risiti yako haiwatishi, kwa hiyo pitia kikokotoo chao kwa mwaka na modeli yako hasa kabla ya kutuma hata senti.)

Basi orodha. Nakiri mapema kwamba mimi ni wa Toyota, nililelewa kwenye Toyota, na spea za Toyota ninazipata mtaa wa Gerezani hata kwa kuelekeza kwa kidole. Wenye magari mengine mnivumilie.

Namba moja ni Toyota Vitz ya cc 1,000, isiyo 4WD, isiyofika miaka 8. Hesabu mmeiona. Injini yake ina pistoni tatu, kwa hiyo ukisimama kwenye foleni ya Ubungo na AC imewaka utahisi mtetemo kidogo kwenye usukani, kama mtu anatikisa mguu pembeni yako. Utauzoea. Mlimani na watu wanne inalalamika, zima AC upande. Lakini chini yake, nimelala chini ya tatu kwa macho yangu, chuma kilikuwa cha rangi ya chuma. Jina la Vitz lilikoma Japani mwaka 2020 ilipogeuzwa Yaris, kwa hiyo dirisha hili la kupata isiyo na uchakavu linajifunga mwaka hadi mwaka.

Namba mbili ni Premio, au ndugu yake Allion, ya cc 1,500. Ni gari la mtu mzima. Buti lake linameza gunia la mkaa, mikungu ya ndizi na mabegi ya wageni kutoka stendi, na ukitaka kuliuza Jumamosi, Jumatatu hunalo. Liliendelea kutengenezwa hadi 2021, hivyo ya umri mdogo bado zipo. Tatizo ni bei, na kila mwenye yadi anajua kwamba unalitaka. Ukiwa na hela hiyo, lipandishe hadi namba moja, sitakugombeza.

Namba tatu, Passo. Wengi hawajui kwamba mtengenezaji wake ni Daihatsu, na kule liliuzwa pia kwa jina la Boon. Cc 1,000, kodi nafuu kama Vitz. Nimeliweka chini ya Vitz kwa sababu ya zile 4WD nilizosema. Kila nikiinama chini ya Passo naona ile nyeusi tititi. Huenda ni bahati yangu mbaya.

Namba nne, IST, na najua nitagombana na nusu ya Dar es Salaam. IST ni gari zuri. Halina maringo, limeinuka vya kutosha kuvuka matuta ya Kimara, na fundi wa kijiwe chochote analifungua akiwa amefumba macho. Ila lilikoma kutengenezwa 2016. Hakuna IST changa popote duniani. Kila utakayoagiza ina uchakavu juu yake, na kila mwaka chini yake panaongezeka mwaka mmoja wa kutu. Unalipa hadi asilimia 30 kwa ajili ya uzee, halafu unalipa tena gereji kwa ajili ya uzee huohuo. Kama umelipenda na hushauriki, chukua la 2014 kuja huku, na karatasi ya mnada uione kwa macho.

Honda Fit, Nissan Note, Mazda Demio: magari, yanatembea. Muulize mwenye nalo.

Na yale ya namba D, yaliyokwisha tumika hapa nchini, ya milioni 6 au 7 mtandaoni, "full AC, mziki mnene, lilikuwa la mama mtu mzima", utajua unachotafuta. Beba bisibisi mbili.

Kuna jambo bado linanikera. Dola ilipopanda, bei za yadi zilipanda siku hiyohiyo, wengine walikuwa wanatutajia dola moja kwa moja kana kwamba tupo New York, mpaka kanuni za Machi 2025 zilipokataza kutaja bei kwa fedha za kigeni. Sawa. Lakini Desemba 2024 dola ilishuka hadi kwenye 2,400, na nilizunguka yadi nne wiki ile. Hakuna bei iliyoshuka hata laki. Nikiuliza, naambiwa magari haya yaliingia dola ikiwa juu. Ilipokuwa inapanda, mbona yaliyoingia ikiwa chini hayakubaki chini? Yule kijana akacheka, akaniambia, "Mama, wewe chagua rangi tu, hesabu tuachie sisi." Na tangazo la gari nalo halina bei, ni "njoo inboksi", ili kwanza wakutazame picha yako ya wasifu wajue wakupige ngapi.

Langu lipo uani. Fundi ameshachomelea upande mmoja, laki 4 na nusu, upande wa pili unasubiri mshahara. Nimeamua kuliuza, na nilimwambia dalali alitangaze na kasoro yake, aandike wazi kwamba chini lina kutu. Alikuja jana jioni, akalizunguka mara mbili, akapiga picha mbele, nyuma na dashibodi. Nikamwambia mbona hujapiga chini. Akafuta kioo cha simu kwenye suruali, akasema hayo ataongea na mteja akishafika.