Mvinyo wa Kunywa na Bata Mzinga: Kuanzia Chupa Niipendayo Hadi Ile Niiogopayo

Mwaka wangu wa kwanza kuandaa Sikukuu ya Shukrani (Thanksgiving, ile ya Wamarekani ya Alhamisi ya nne ya Novemba, ambayo bata mzinga ndiye mlo mkuu) hapa Minnesota nilinunua chupa mbili za Cabernet Sauvignon, mvinyo mwekundu mzito wenye ukakasi mwingi, dola 40 kila moja. Wageni walikuwa wakwe, na wakwe huwapi cha bei chee. Mama mkwe akapiga funda moja, akakunja uso kama aliyeng'ata bibo bichi, akaisogeza glasi kando taratibu na kuuliza kama kuna soda. Shemeji yeye alikuwa na adabu zaidi: aliishika glasi yake jioni nzima bila kuinywa. Chupa ya pili haikufunguliwa kabisa.

Mvinyo wenyewe haukuwa mbaya. Ubaya ni kwamba niliununua kwa kuangalia bei, sikuangalia meza. Na hata wanaoangalia meza huwa wanamwangalia bata peke yake, wakati bata mzinga mwenyewe hana neno. Nyama yake ni pole, karibu haina ladha ya kugombana na kitu. Wagomvi ni majirani zake: mchuzi wa kranberi, vitunda vidogo vyekundu, ulio mchachu na mtamu kwa pamoja, viazi vitamu vilivyookwa na sukari, ule mkate wa kujazia tumboni mwa bata uliokolezwa majani makavu ya seji, mchuzi mzito wa mafuta ya bata. Kwetu ongeza sinia la pilau, kachumbari yenye pilipili, na bakuli la maharage ya nazi ambalo shangazi wa mtu fulani hawezi kuja bila kulileta. Mvinyo unaotakiwa ni ule unaoweza kukaa na ukoo wote huo bila kutia maneno.

Kwa hiyo napanga chupa hizi kwa vigezo vitatu. Cha kwanza ni ukakasi. Mvinyo mwekundu una tanini, zinazotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, nazo hushikamana na protini za mate hadi ulimi unakauka. Nyama ya ng'ombe yenye mafuta huupoza ukakasi huo. Kidari cha bata mzinga hakina mafuta ya kutosha, na mara nyingi kimekaa ovenini kupita kiasi, basi ukikinywea mvinyo wa tanini nyingi unakauka mara mbili. Cha pili ni uchachu kama wa ndimu, unaoamsha mate na kukata mafuta. Cha tatu ni kilevi. Chakula hiki kinaanza saa tisa alasiri na watu wanaondoka saa tatu usiku, sasa mvinyo wa asilimia 15 utawalaza wageni kabla ya keki ya maboga.

Bei ninazotaja ni za huku Marekani kwa kukadiria, na sipandi zaidi ya dola 30. Meza yenye pilipili haikurudishii hela ya chupa ya dola 80.

1. Beaujolais, lakini ile ya vijijini

Hii ndiyo chupa yangu ya kwanza kila mwaka. Inatoka kusini mwa Burgundy, Ufaransa, kwenye zabibu inayoitwa Gamay. Mwaka 1395 Mtawala Philip wa Burgundy aliamuru Gamay ing'olewe akiiona haina heshima mbele ya Pinot Noir, zabibu nyekundu ya kifahari ya huko. Namshukuru, kwa sababu dharau ile bado inaishi kwenye bei. Wengi wa watengenezaji wake huweka vishada vizima tangini bila kuvikamua, kisha huliziba tangi, uchachukaji ukaanzia ndani ya punje zenyewe. Matokeo ni mvinyo mwekundu wenye harufu ya matunda, uchachu wa kutosha na ukakasi mdogo sana. Ukiwa na kranberi hauonekani mgeni, na kachumbari haiuvurugi.

Hapa kuna mtego. Dukani wiki ya sikukuu utakuta lundo la Beaujolais Nouveau lenye lebo za maua na rangi. Huo ni mvinyo mchanga wa mavuno ya mwaka huohuo, na kwa kanuni unaachiwa Alhamisi ya tatu ya Novemba, yaani wiki moja kamili kabla ya Sikukuu ya Shukrani. Biashara haikosi kuitumia nafasi hiyo. Nouveau inafurahisha, lakini ni nyepesi karibu kama sharubati. Ongeza dola tatu nne uchukue iliyoandikwa Beaujolais-Villages, ambayo huwa dola 14 hadi 18. Ukiwa na dola 20 hadi 30, tafuta majina ya vijiji kumi vilivyopewa daraja la juu. Fleurie ni laini, Morgon ina uzito zaidi mdomoni, na Moulin-à-Vent ndiyo nzito kuliko zote. Lebo nyingi za vijiji hivi hazionyeshi neno Beaujolais kwa herufi kubwa, ndiyo maana watu wanazipita rafuni bila kujua.

Iweke kwenye friji nusu saa kabla ya kuimimina. Mvinyo mwekundu wa aina hii ukiwa na joto la sebule yenye hita unakosa uhai kama chai iliyosahauliwa.

2. Riesling yenye utamu kidogo

Kama meza yako ina pilipili, hii ipande hadi nafasi ya kwanza na usiniulize. Utamu kidogo huupoza ukali wa pilipili, wakati kilevi kingi huuchochea. Riesling, mvinyo mweupe, ina utamu kidogo na kilevi kidogo, na uchachu wake ni mkali kiasi kwamba utamu haukinaishi. Pilau, viazi vitamu na kuku wa kupaka ikibidi, zote inazimudu. Mama mkwe sasa ndiyo chupa yake, na hataki kusikia nyingine.

Wanaoikwepa wanasema hawajui kama watapata tamu au kavu, yaani isiyo na utamu. Malalamiko ya haki, ila jibu liko kwenye lebo. Tazama kiwango cha kilevi: asilimia 8 au 9 maana yake sukari imebaki, 12 na kuendelea kwa kawaida ni kavu. Chupa nyingi zina mstari mdogo nyuma wenye mshale unaoonyesha mvinyo uko wapi kati ya ukavu na utamu. Kwa za Ujerumani, neno Trocken ni kavu, na Kabinett kutoka bonde la Mosel mara nyingi ndiyo ile yenye utamu mwepesi ninayoisema. Hizo huanzia kama dola 18. Ukitaka ya bei nafuu, jimbo la Washington linatoa nyingi. Kampuni ya Chateau Ste. Michelle ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa Riesling duniani, na chupa yake ya kawaida haifiki dola 15. Eneo la Finger Lakes, New York, nalo lina nzuri sana zenye ukavu zaidi.

3. Chenin Blanc ya Afrika Kusini

Hii sikuiweka kwa uzalendo, ingawa kusema kweli kuna raha ya kufungua chupa ya bara letu mbele ya bata wa Wamarekani. Afrika Kusini ina mashamba mengi ya Chenin kuliko nchi yoyote, hata kuliko Ufaransa ilikotoka, na kwa miaka mingi wenyewe waliiita Steen. Ni mvinyo mweupe wenye harufu ya tufaha na asali, mzito kidogo kuliko Riesling, mchachu wa kutosha. Kwa dola 12 hadi 16 sijui chupa nyingine inayokupa kiasi hicho. Inakaa vizuri na ule mkate wa kujazia pamoja na mchuzi wa mafuta. Pilipili kali ndiyo inayoishinda, hasa mvinyo ukiwa kavu kabisa.

Mvinyo wa Dodoma ningeupenda uwe hapa, tena ule mwekundu wa zabibu ya Makutupora niliokulia nikiuona kwenye sherehe. Madukani huku sijawahi kuukuta.

4. Pinot Noir

Kila mwongozo wa Kimarekani unaiweka namba moja. Mimi nimeishusha, na sababu ni pochi. Pinot Noir nzuri na bata mzinga ni ndoa kamili: nyepesi, laini, yenye harufu ya uyoga na majani makavu inayoelewana na seji. Lakini ganda lake ni jembamba, ina madeko shambani, haitaki joto wala baridi, kwa hiyo nzuri haipatikani rahisi. Zile za dola 10 mara nyingi ni tamutamu na nzito kupita inavyopaswa. Sheria ya Marekani inaruhusu chupa kuandikwa Pinot Noir ikiwa asilimia 75 tu ni zabibu hiyo. Oregon wao wamejiwekea kiwango chao cha asilimia 90. Basi ukiamua Pinot, tafuta iliyoandikwa Willamette Valley, tenga dola 22 au zaidi, la sivyo rudi kwenye namba moja uokoe hela.

5. Mvinyo wa mapovu

Ungekuwa juu zaidi kama watu wangeuacha uendelee baada ya "cheers". Tatizo la mapovu ni mazoea: kila mtu anapiga picha, anakunywa glasi moja, anahamia kwingine. Lakini mapovu na uchachu husafisha mdomo baada ya kila tonge la mafuta, hasa kama bata wako amekaangwa kwenye pipa la mafuta kama wafanyavyo kusini mwa Marekani. Usinunue Champagne. Cava ya Hispania inachachuka mara ya pili ndani ya chupa, mbinu ileile, kwa dola 12 hadi 15. Soma lebo: Brut ndiyo kavu. Iliyoandikwa Extra Dry, kinyume na jina lake, ina sukari zaidi ya Brut.

6. Zinfandel

Hii ni nyekundu, na huuzwa kama chaguo la kizalendo kwa sikukuu ya Kimarekani, ingawa vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba asili yake ni Kroatia, na ni zabibu ileile Waitalia wanaiita Primitivo. Imejaa matunda, ina viungo, na kwa bata aliyekaushwa kwa moshi au kuchomwa na sosi tamu ni nzuri kweli. Kilevi chake ndicho kinachonitisha, mara nyingi asilimia 14.5 hadi 15.5. Mnunulie shemeji anayejisifu kwamba mvinyo haumlevyi.

7. Chardonnay ya California iliyolala kwenye mapipa ya mwaloni

Mvinyo mweupe wenye ladha ya siagi: siagi juu ya siagi. Na viazi vya kuponda inapendeza, na kranberi inakuwa kama maziwa yaliyotiwa ndimu. Ukiwa na mgeni anayeipenda, chupa moja inatosha.

Ya mwisho: Cabernet Sauvignon

Hadithi yake mmeshaisikia. Ukiletewa zawadi, shukuru, iweke kabatini, ifungue siku ya mbuzi choma.

Idadi na siku ya kwenda dukani

Chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano za kawaida. Mimi nahesabu nusu chupa kwa kila mnywaji, kisha naongeza moja. Wanywaji wanane ni chupa tano: Beaujolais mbili, Riesling mbili, Cava moja. Hapo haifiki dola 90, karibu sawa na zile Cabernet mbili na kodi yake.

Usingoje siku yenyewe. Huku Minnesota, jimbo linalofuga bata mzinga wengi kuliko yote Marekani, maduka ya vileo hayaruhusiwi kuuza chupa za kwenda nazo nyumbani siku ya Sikukuu ya Shukrani, na duka la vyakula la kawaida haliuzi mvinyo siku yoyote ya mwaka. Kila jimbo lina sheria yake, kwa hiyo angalia mapema. Jumatano jioni foleni inafika mlangoni na Beaujolais nzuri imeshaondoka, wamebakiza Nouveau. Mimi naenda Jumatatu, naeleza muuzaji kuna pilau mezani na bajeti yangu ni kiasi gani. Mara mbili tatu amenionyesha chupa bora kuliko niliyoijia.

Kumbuka pia wasiokunywa: Waislamu, waliookoka, wajawazito, na anayeendesha gari. Soda ya machungwa kwenye glasi ya plastiki ni kuwabagua. Juisi ya tufaha yenye mapovu ya Martinelli's, kampuni ya California iliyoanza mwaka 1868, ina chupa inayopendeza na inakwenda na bata vizuri kuliko Chardonnay niliyoitaja. Au chemsha rosela na tangawizi na karafuu usiku wa kuamkia sikukuu, uipoze, uiweke kwenye glasi zilezile za mvinyo. Rangi ni ileile, na uchachu wake unakata mafuta sawasawa. Mwaka jana jagi la rosela liliisha kabla ya chupa yoyote, na waliolimaliza si wasiokunywa.