Nimefunga baiskeli ya boksi mwenyewe, vikabaki vitu saba kwenye kisosi

Oya wana niaje, karibuni tena, leo nipo hapa uwani maana ndani umeme umekata, na jua la Mbeya mnalijua linawaka ila baridi iko palepale, kwahiyo mkiniona na koti msishangae.

Hii ndo ile baiskeli ya gia niliyowaambia, imekuja kwenye boksi haijafungwa. Kampuni siitaji na hela niliyotoa siitaji, maza anaangalia hizi video.

Subiri nisogeze kamera. Mnaona hiki kisosi? Vitu saba. Baiskeli imesimama, inatembea, kengele inalia, na bado kuna vitu saba vimebaki na mimi sijui vilitoka wapi. Karatasi ya maelekezo nilikuwa nayo lakini ni picha tupu, halafu baiskeli iliyochorwa wala sio hii, ile ina breki za kubana rimu hii ina diski, sasa hapo unafuata nini?

Nikabeba kisosi mpaka Mwanjelwa kwa fundi mmoja mzee, anafunga baiskeli tangu mimi sijazaliwa. Akavimwaga kwenye kiganja akaanza kutupa. Hiki kijiti cha plastiki kinakaa kati ya miguu ya foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, isipondeke safarini, akatupa. Hivi vifuniko viwili vinavaa ncha za ekseli, kile chuma kinachopita katikati ya gurudumu, zisitoboe boksi, akatupa. Hiki kiduara kinakinga diski ya breki, akatupa. Vinne vyote takataka, nikasema basi nimemaliza salama.

Hapo akanyamaza. Vimebaki vitatu.

Angalieni hii washa, nasogeza karibu, ona ina kikucha kimekunjwa pembeni. Zipo mbili. Mi nilijua za akiba. Kumbe hizi ndo zinashika gurudumu la mbele, inakaa moja kila upande, nje ya mguu wa foku sio ndani, kikucha kinaingia kwenye kile kitundu kidogo halafu nati inakuja juu yake. Nati ikilegea njiani, gurudumu linagongagonga unashtuka unasimama, halichomoki palepale. Mzee akaniuliza umeshaiendesha? Nikamwambia shikamoo tena mzee, jana nimeshuka nayo Kawetere. Wa huku mnaijua barabara ya Chunya inavyoshuka pale kuja mjini. Hakucheka.

Cha saba ndo hiki, gololi. Moja tu.

Hii sasa ni kosa langu. Gurudumu la nyuma lilikuwa linazunguka kwa kukwaruza, na hizi za boksi mara nyingi koni, kile kichuma kinachozibana gololi, inabanwa sana halafu grisi wanapaka kama wanapaka dawa ya macho, kwahiyo nikaifungua haba, kile kitovu cha gurudumu, nipake yangu. Gololi zikamwagika kwenye mkeka, nikaokota, nikarudisha, nikafunga, likazunguka laini kabisa, nikajipongeza. Kesho yake mtoto wa dada anatoka chini ya kochi na hii mkononi anasema mjomba pipi.

Mzee akafungua. Haba ya nyuma kama hii inakula gololi 9 kila upande, zile za robo inchi. Kushoto 9, kulia 8. Na ubaya wake ndo huo, ikipungua moja gurudumu linazunguka tu vizuri, hulijui, ila zilizobaki zinasogeasogea na mzigo unaelemea vibaya mpaka koni inachimbika. Halafu ukishaweka 9 bado unaona kapengo, mkono unawasha unataka uchomeke ya 10. Usichomeke, hako kapengo kanatakiwa, zinahitaji nafasi ya kujizungusha.

Haya, bidhaa yenyewe. Fremu iko poa, welding safi, nimeipitisha kidole kote. Gia zinabadilika ila kupanda Kawetere ile ndogo kabisa ilikuwa inaruka mpaka nilipokaza kebo. Siti mbaya, niwe mkweli, ni ubao umevalishwa ngozi. Pedeli angalieni sana, ya kushoto inafungwa kinyume, zimeandikwa L na R kwenye ncha, ukilazimisha unakata nyuzi za krenki, ule mkono unaoshika pedeli, na krenki yenyewe chuma chake laini. Na foku inakuja imegeuzwa ili boksi lienee, breki ya diski ya mbele inatakiwa iwe kushoto kwako ukikaa, kuna jamaa hapa Soweto ya Mbeya anaendesha foku imeangalia nyuma mwezi wa pili huu, namuona kila siku naona aibu kumwambia.

Naipa sita kwa kumi. Karatasi ya maelekezo sifuri. Kama huna spana namba 15 na zile funguo zilizopinda kama L, mpelekee fundi boksi zima na plastiki zake zote, usitupe kitu kabla.

Mzee hakunichaji, nimemwachia ya chai, ndaga fijo mzee, yaani asante sana. Ngoja nirudishe kisosi jikoni maza hajakiulizia.