Daftari la maombi ya data: FBI na Uingereza

Mpelelezi anapotaka kujua ulimpigia nani simu na lini, ombi lake huidhinishwa na nani, na kumbukumbu yake hubaki wapi?

Marekani, FBI inaweza kuipelekea kampuni ya simu barua ya usalama wa taifa (amri ya kudai rekodi) bila kupita kwa jaji. Sahihi ya mkubwa wa ofisi inatosha. Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Sheria alipofungua majalada mwaka 2007, alikuta barua ambazo hazikuingizwa kwenye hifadhidata, kwa hiyo hata hesabu iliyopelekwa bungeni ilikuwa pungufu. Ripoti ya 2010 ilitia aibu zaidi: maombi mengine ya rekodi za simu yalifanywa kwa mdomo, mengine kwa vikaratasi vya kunata. Hapo mkaguzi atakagua nini? Sheria ya 2015 iliruhusu kampuni kutangaza idadi ya barua zilizopokea, japo kwa kutaja tu kwamba iko kati ya namba fulani na nyingine.

Uingereza, tangu 2019, maombi mengi ya rekodi za mawasiliano huidhinishwa na ofisi huru, si bosi wa mwombaji. Makosa huripotiwa kwa Kamishna wa Mamlaka za Uchunguzi, na ndiyo maana umma unajua kwamba anwani ya IP (namba inayotambulisha muunganisho wa intaneti) iliyonakiliwa vibaya imewahi kuwapeleka polisi kwenye nyumba isiyohusika. (Maombi ya dharura yana njia ya mkato, mimi ningeanza kukagua huko.)

Nachagua mfumo wa Uingereza, ingawa sheria yao ya 2016 inaruhusu ukusanyaji wa data kwa wingi, jambo ambalo sahihi ya ofisi huru hailiponyi.