Dipu ya aidini kwa matumbawe ya nyumbani: uzoefu wangu hapa Dodoma

Nianze na jibu kabisa ili mwenye haraka aondoke nalo. Ile dawa ya aidini ya kuoshea matumbawe (dipu), hii ya kwenye kichupa cheusi, inafanya kazi, nunua, ila ukiitegemea hiyo peke yake huku kwetu Dodoma utalia, maana wagonjwa wengi niliowaona kwenye tenki langu na kwa jamaa zangu wawili watatu hawakuumwa na mdudu wala bakteria, waliumwa na maji.

Najua kuna watu hapa washaanza kucheka, matumbawe Dodoma, bahari iko kilomita mia nne na kitu. Sawa, chekeni. Tangu treni ya SGR ianze kufika huku 2024 mambo yamekuwa mepesi, jamaa wa Dar anakata kipande kwenye tenki lake asubuhi, anakitia kwenye mfuko wenye maji ndani ya kulboksi, mchana nishakipokea stesheni. Na nisisitize, ni vipande vya kukuzwa tenkini, siyo vya kung'oa baharini, matumbawe magumu yako kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hata kuyavusha mpaka tu kunataka kibali.

Sasa dawa yenyewe. Niliitumia kwa mara ya kwanza kwa dharura, Euphyllia yangu, tumbawe la matawi lenye kichwa cha nyama kwenye ncha ya kila tawi, ilifika ikiwa imenyong'onyea, minyiri haitoki, mi nikasema ni uchovu wa safari. Kesho yake jioni kichwa kimoja kimefunikwa na uteute wa kahawia unaning'inia kama makamasi, na harufu yake sasa, ukishainusa huisahau. Huo ndo ugonjwa wa uteute wa kahawia, unakula nyama kichwa hadi kichwa na hausubiri wikiendi. Kwenye uteute ule huwa wamejaa vijidudu vya siliati pamoja na bakteria, kwahiyo kitu cha kwanza kabisa zima pampu, maana ule ute ukipeperushwa na maji ukatua kwenye tumbawe jingine umeongeza mgonjwa. Niliunyonya kwa kimpira chembamba nikaumwaga nje, nikatoa tumbawe, nikakata tawi lililooza chini kabisa kwenye mfupa mtupu kwa msumeno mdogo wa chuma, ndo nikaja kwenye dipu.

Kuosha kwenyewe hakuna sayansi kubwa. Bakuli la kwanza unaweka maji ya tenki lako mwenyewe, siyo ya bomba, yakiwa na joto lile lile, unatia dawa kwa kipimo cha kwenye lebo mpaka maji yanakuwa ya hudhurungi, unaweka tumbawe, af unachukua bomba la sindano kubwa lisilo na sindano unalipulizia maji kwenye kila kona. Hapo utashangaa vinavyodondoka, vijinyoo, vikaa vidogo, vitu ambavyo hukujua unavifuga. Ukiona tumbawe linatoa utumbo, yaani nyuzi nyuzi nyeupe, limezidiwa, toa. Bakuli la pili ni la kusuuza, na maji yaliyotumika yanaenda chooni, hayarudi tenkini hata tone. (Bakuli tafuta zako. Mke wangu aliniambia, baba, hayo ya kachumbari ukiyagusa tutaonana, na ana haki yake.)

Matokeo: kichwa kilichokuwa jirani na kile kilichooza nacho kilikufa, vingine vilikaa kwenye ndoo ya karantini yenye hita na pampu ya hewa, nikawa narudia kuosha, taratibu vikafunguka na mpaka leo vipo. Kwa ugonjwa ule mi naona hayo ni mafanikio makubwa, watu wanapoteza tumbawe zima.

Sasa isichoweza. Mayai ya minyoo bapa inayokula Acropora (aina ya tumbawe gumu la matawi) haiyaui, yale yanang'ang'ania kwenye mfupa mtupu upande wa chini kama vidoti vya kahawia, yanataka kukwanguliwa kwa wembe na kuosha tena kila wiki ili uwakamate wanaoanguliwa. Na kupauka siyo kazi yake kabisa. Kuna mdogo wangu mmoja wa Ilazo kabadilisha taa, kaweka LED mpya kawasha mia kwa mia siku ya kwanza, tumbawe likawa jeupe, akanipigia, "Kaka, niazime ile dawa." Nikamwambia dogo, hiyo siyo ya dawa, ndani ya nyama ya tumbawe kuna vimwani vinavyolilisha kwa mwanga, joto au mwanga ukizidi vinatolewa nje, unabaki unaona mfupa kupitia nyama. Ndicho kilichoyapata matumbawe ya pwani yetu 1998 wakati wa El Niño, bahari ilichemka. Nani angeenda kuiosha bahari na aidini? Akapunguza taa, akalitia tumbawe kivuli, rangi ilirudi taratibu.

Kuna wengine wanashauri kufungua kapsuli ya antibayotiki ya famasi na kuimwaga kwenye tenki. Hapana jamani. Kweli kule Florida, ugonjwa wa kupukutika nyama ulioonekana 2014 wanautibu kwa kupaka mchanganyiko wa amoksisilini kwenye kidonda, ila wale ni wataalamu, wanapaka tumbawe moja moja. Wewe ukiimwaga tenkini unahatarisha bakteria wanaosafisha maji yako, af unachangia usugu wa dawa ambazo kesho mwanao atazihitaji. Na kama utatumia aidini ya famasi badala ya hii ya matumbawe, angalia isiwe ile yenye sabuni ya kunawia mikono ya madaktari wa upasuaji.

Haya, maji, hapa ndo nataka mnisikilize. Ya Dodoma mengi yanatoka visima vya Makutupora, birika lako la chai linajua habari zake, ule ukoko mweupe. Kwa tenki la matumbawe lazima uyachuje kwa RO, yaani kuyasukuma kwenye utando mwembamba sana, na uyamalizie kwa resini ya kunasa madini yaliyobaki, mpaka mita ya TDS, ya kupima vilivyoyeyuka majini, isome sifuri. Muuzaji hatakwambia hili: membreni ya RO, yaani ule utando, inataka presha ya baa tatu kwenda juu, na simtanki lililoko kwenye mnara wa mita tatu linakupa kama sifuri nukta tatu tu, kwahiyo bila pampu ya kusukuma utakaa unatazama matone. Yanayotupwa ni mengi kuliko yanayochujwa, mi nafulia na kudeki.

Kingine ni upepo wetu wa kiangazi. Hewa ni kavu, tenki linapungua kila siku, na chumvi haivukizi, inabaki, kwahiyo unaongezea maji matupu ya RO, siyo ya chumvi, uendelee kukaa kwenye chumvi ya 35 kwa elfu. Usiku wa Julai baridi ya huku inataka hita ya uhakika, Oktoba inageuka unawasha feni juu ya maji, na feni nayo inazidisha kupungua kwa maji, ndo hivyo. Mi nalenga nyuzi 24 mpaka 27, alkalini (uwezo wa maji kuhimili tindikali) 8 au 9 kwa kipimo cha dKH, na cha msingi isiwe inapanda na kushuka. Acropora huwa inavua nyama usiku mmoja baada ya alkalini kuruka, na hapo hata uwe na katoni ya dipu utaangalia tu. Umeme ukikatika, pampu ya hewa ya betri, mnaijua.

Usalama kidogo: wenye zoanthid, yale jamii ya matumbawe laini kama vifungo, vaeni glavu na miwani mnapokata au kuosha, baadhi zina palitoksini, sumu kali mno, na msije mkachemsha jiwe lenye hizo jikoni, mvuke wake umeshapeleka familia nzima hospitali huko nje.

Dawa nimeipa nyota nne kati ya tano. Moja nimekata kwa sababu kipimo kimeandikwa kwa galoni, tena ya Marekani, ambayo ni lita 3.8 hivi, ya Uingereza ni 4.5, na mtu mwenye ndoo ya lita kumi asipojua tofauti atakosea dozi. Pia kifuniko kinavuja ukikilaza, mkoba wangu umebaki na doa. Bei nimetoa elfu tisini pamoja na usafiri, kichupa kinakaa muda mrefu maana unatumia kidogo, ila kiwekwe kwenye kabati lenye giza, mwanga unaipunguza nguvu. Anayetaka kuona kabla hajanunua, nipo Area D, aje na tumbawe lake kwenye ndoo, bakuli ninazo.