Trenchi la pauni 18 na shati la St Michael: nguo zangu sita za majira ya kuchipua

Nimeishi Leicester, Uingereza, miaka tisa, na kila mwaka ikifika mwisho wa Machi, saa za nchi nzima zikishasogezwa mbele kama ilivyo desturi ya huku, kabati langu hunishinda. Asubuhi nasimama kituo cha basi kwenye nyuzi 4. Saa saba mchana jua limewaka mpaka 14 au 15. Saa kumi jioni mvua. Koti la baridi linageuka mzigo wa kubeba mkononi, na gauni la kiangazi linanitetemesha. Miaka ya mwanzo nilinunua vipya vya bei poa kila Aprili, na ikifika Septemba havivaliki tena.

Mwaka huu nimejinunulia nguo sita tu, zote za mtumba, zote za mitindo ambayo bibi yangu angeitambua na binti yangu atakuja kuivaa. Nimezitoa maduka ya hisani ya Queens Road, mtaa wa Clarendon Park. Nimezivaa wiki saba, kazini na nje ya kazi (mimi ni karani wa uhasibu, ofisi yetu haina sare lakini haipendi vurugu). Jumla nimelipa pauni 60 na peni 50, na 12 nyingine za fundi.

Kwa ambaye hajayaingia maduka haya: watu huleta nguo bure, duka linaziuza, na faida inakwenda kwa wagonjwa, wazee, watoto, kila duka na shughuli yake. Oxfam walifungua la kwao Broad Street, mjini Oxford, miaka ya 1940, na leo mtaa wa maduka usio na duka la hisani hapa Uingereza ni wa kutafuta. Nguo isiyopata mnunuzi huuzwa kwa kilo kwa wafanyabiashara, huchambuliwa, na sehemu yake hufungwa belo na kupandishwa meli. Mimi nimelelewa kule meli inakofika. Mama yangu aliuza mashati pale soko la Karume, Ilala, Dar es Salaam, na nikitoka shule kazi yangu ilikuwa kukunjua, kukung'uta na kutundika. Kabla sijajua kusoma Kiingereza sawasawa nilikuwa nimeshaijua lebo ya St Michael. Mama akiiona ndani ya kola alikuwa anasema, "Hilo weka pembeni, lina mwenyewe." Alichokuwa anakijua ni kwamba shati lile kola yake haivunjiki, na mteja wa ofisini halibishanii bei. Nilipofika huku ndipo nikaelewa kwamba St Michael ni jina ambalo wenye maduka ya Marks & Spencer waliliandikisha mwaka 1928 na kuliweka kwenye bidhaa zao mpaka mwaka 2000. Ukiikuta lebo hiyo leo, nguo ina zaidi ya miaka ishirini na bado imesimama.

Nianze na koti, kwa sababu ndilo lililobeba msimu mzima. Ni trenchi la rangi ya kaki, safu mbili za vifungo, mkanda kiunoni, urefu chini kidogo ya goti. Pauni 18. Mtindo huu ulitoka kwenye mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza, na jina lake ni hilohilo, handaki. Vile vikanda vya mabegani vilikuwa vya kuwekea alama za cheo, na kile kipande cha ziada kifuani kinazuia maji yasipenye mbele. Kitambaa kilichoupa sifa ni gabardini, ambayo Thomas Burberry aliisajili mwaka 1888: uzi unafumwa kwa kubanwa sana, maji yanateleza juu lakini jasho linapata pa kutokea. La kwangu si Burberry. Lina lebo ya duka la kawaida, pamba tupu, na nililikuta limebanwa kati ya makoti mawili ya manyoya ya bandia.

Kabla sijalipia nilimpigia Mama kwa video, nimesimama palepale kwenye tundiko.

"Geuza ndani," akasema, hata salamu hatujamaliza. "Nionyeshe kwapa."

Nikamwonyesha.

"Sogeza simu. Huo mshono ni mmoja au miwili?"

"Miwili, Mama."

"Bitana imeshikwa mpaka chini au inaning'inia?"

"Imeshikwa."

"Sasa kunja kitambaa kwenye ngumi, hesabu kumi, uachie."

Nikakunja, nikahesabu, nikaachia. Mikunjo ikabaki michache, laini.

"Lipa, mwanangu, mwenzio anakuja kulichukua."

Ukaguzi huo ndio ambao sikuufanya miaka miwili iliyopita, nilipoagiza trenchi jipya mtandaoni kwa pauni 45. Duka silitaji. Wiki ya tatu kwapa likaachia kwenye basi, nikafika kazini nimeubana mkono ubavuni kama aliyevunjika. Mshono ulikuwa mmoja, uzi wenyewe wa kuvutika, na bitana ilikuwa imegundishwa kwa gundi sehemu ya chini. Hili la mtumba limenyeshewa mara tano kwa hesabu yangu. Mvua ya rasharasha inakaa juu kama shanga, unakung'uta unaingia ofisini. Mvua ya nusu saa inapenya mabegani. Asikudanganye mtu kwamba pamba ni plastiki. Ukitembea sana, beba mwavuli. Mikono ilikuwa mirefu kwangu, na fundi wa Narborough Road akaipunguza kwa pauni 12 bila kuugusa mkanda wa kifundoni. Alifumua kuanzia begani. Nilimlipa huku namshukuru, maana mafundi wengi wangekata chini tu na kukuachia mkono usio na umbo.

Shati jeupe nalo ndilo hilo la St Michael. Ni la kiume, pauni 6. Nachagua la kiume makusudi: linashuka mpaka linafunika nyonga, na mimi ninayevaa mtandio nahitaji urefu huo bila kuongeza nguo juu ya nguo. Pamba yake imefuliwa miaka na miaka mpaka imekuwa laini kama kanga iliyozoea maji. Shati jeupe lolote ulinyanyue dirishani kwenye mwanga. Ukiona manjano kwapani au shingoni, liache, hata wakikupa bure, kwa sababu doa hilo lililopikwa kwa pasi halitoki. Hili lilikuwa safi, limepungukiwa kifungo kimoja tu, na cha akiba kilikuwa kimeshonewa ndani ya pindo. Nalivaa na mtandio wa buluu Jumatatu, wa rangi ya ugoro Jumatano, na Ijumaa nalivaa wazi juu ya fulana ya mistari, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama ni lilelile.

Jinzi, pauni 9, ni Levi's ya mguu ulionyooka. Hapa naomba unisikilize vizuri. Soma lebo ya ndani kabla ya kuangalia rangi. Ukiona asilimia mbili tu za elasteni, yaani uzi wa kuvutika, hiyo suruali itakukaa vizuri asubuhi, na jioni magoti yatakuwa yamefura kama mtu aliyekuwa amepiga magoti kutwa. Ya pamba asilimia mia inabana siku tatu za kwanza, halafu inakujua. Vile vipande vya shaba pembeni mwa mifuko ndivyo Jacob Davis, fundi cherehani, na Levi Strauss walivyopewa hataza tarehe 20 Mei 1873, ili mifuko ya vibarua isichanike, na kwenye hii yangu bado vimeng'ata. Ilikuwa ndefu. Nimeipinda mara moja, na nimeipenda hivyo.

Fulana ya mistari, pauni 5, sina mengi. Ni ile ya mabaharia, ambayo jeshi la majini la Ufaransa liliifanya sare mwaka 1858. Shingo yake pana inakaa vizuri chini ya mtandio, na mistari ya buluu iliyoiva inaficha michirizi ya chai. Inatosha.

Sweta ndilo lililonipa somo chungu. Nilinunua mawili. La kwanza lilikuwa la sufu, kijivu, zuri ajabu, na nilikuwa na haraka ya basi, sikulinyanyua kwenye mwanga. Nyumbani nikakuta matundu saba ya nondo mgongoni, madogo kama kichwa cha pini, na hofu yangu haikuwa hela, ilikuwa mayai ya nondo kuhamia kwenye nguo za wanangu. Nililifunga kwenye mfuko nikaliweka kwenye friza wiki mbili, kisha nikalitoa kuwa tambara, na hilo silihesabu kwenye jumla yangu. La pili nililipekua kipande kwa kipande kabla ya kulipa pauni 7 na peni 50: sufu ya merino, la vifungo mbele, rangi ya bahari ya usiku. Hilo ndilo ninalolivua saa saba na kulirudisha saa kumi. Lioshe kwa maji baridi, usilikamue, lilaze juu ya taulo. Ukilianika kwenye kamba litarudi na mabega ya mtu mwingine. Tena Aprili ndiyo wakati wake, maana wenyeji wanasafisha kabati na sufu za baridi zinajaa dukani bei ikiwa chini.

Viatu ni vya kutumbukiza, ngozi nyeusi, pauni 15. Niliangalia kisigino kwanza. Kilicholika upande mmoja kimeshafuata mguu wa mwenyewe wa zamani, na kitakuumiza. Hivi vilikuwa havijalika kabisa. Ila ngozi ilikuwa imekauka, ikataka dawa ya viatu mara tatu ndipo ikalainika, na wiki ya kwanza vilinichubua.

Maduka yenyewe nayapa sifa kubwa, lakini yana mapungufu. Vipimo havieleweki: 12 ya mwaka 1998 si 12 ya leo, kwa hiyo nenda na futi ya kupimia mfukoni. Chumba cha kujaribia huwa kimoja na pazia lake halifiki. Duka moja limeanza kuweka nguo zenye majina makubwa kwenye tundiko la peke yake na kuzipandishia bei mpaka zinakaribia mpya, na inaniuma, kwa sababu mwenye kipato kidogo aliyekuwa akipata koti zuri pale sasa analitazama tu. Na harufu ya sabuni yao ya mvuke inataka siku mbili za upepo.

Mimi naenda Jumanne asubuhi kabla ya kazi, maana mizigo ya wikiendi inakuwa imeshachambuliwa na kutundikwa. Wale akina mama wanaojitolea kwenye kaunta wameshanizoea. Mmoja, mzee wa miaka sabini na kitu, alinikuta nimegeuza koti nje ndani naangalia mishono, akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia, kwa mama yangu, sokoni, Dar es Salaam. Akavuta kiti, akataka nimwonyeshe.

Kimebaki kitu kimoja: suruali ya kitani, rangi ya mchanga, kiuno 32, yenye mifuko ya kweli. Mama naye ameagiza St Michael nyingine, la kiume, shingo 16, la kaka yangu. Jumanne nitapita tena.